Baa ya Protini, Baa la Njaa

Muhula uliopita, katikati ya kipindi cha historia ya uchumi, mwanafunzi wangu mmoja wa safu ya nyuma alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa, akaanza kuichana taratibu akidhani simwoni. Nilimwomba akilete mbele. Ilikuwa ile ambayo vijana wa mazoezi huiita baa ya protini: kipande cha gramu 60, kizito mkononi kama sabuni, kilichonunuliwa Dar es Salaam kwa shilingi 9,000 na kufika Songea ndani ya begi la kaka yake. Darasa zima lilitaka kukiona. Karatasi ilitamba kwa herufi kubwa kwamba ndani yake mna protini gramu 20.

Yule kijana hakuona haya. Aliuliza swali ambalo tangu siku ile halijanitoka: "Mwalimu, kama hii ina gramu 20, kilo moja ya mahindi ya nyumbani ina ngapi?"

Wenzake walicheka, maana walidhani jibu ni sifuri au karibu na sifuri. Tulitafuta pamoja. Kilo moja ya mahindi makavu ina protini kati ya gramu 80 na 90, yaani zaidi ya mara nne ya ile baa. Kicheko kikakatika. Binti mmoja wa Namtumbo akauliza, kwa sauti ya chini, swali lililofuata kwa haki: basi kwa nini watoto wetu wamedumaa?

Niliahidi kujibu wiki iliyofuata. Nimechelewa, na jibu limekuwa refu kuliko walivyotarajia, kwa sababu linapita kwenye maabara za Ulaya, kwenye moto wa mwaka 1905, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kwenye vikao vya bajeti vya halmashauri zetu. Wanaonisoma hapa kila mara watanivumilia.

Tuanze na ile namba yenyewe. Msomaji akiona "protini gramu 20" hudhani kwamba mtu fulani ameikamata protini na kuiweka kwenye mzani. Kwa sehemu kubwa ya historia ya kipimo hiki, haikuwa hivyo. Mwaka 1883 mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg jijini Copenhagen, alibuni njia ya kupima naitrojeni iliyomo katika nafaka. Kiasi cha naitrojeni kikipatikana, huzidishwa kwa 6.25, na jibu huitwa protini. Ni makadirio mazuri, lakini ni makadirio. Mwaka 2008 nchini China wafanyabiashara walitia melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi, katika maziwa yaliyozimuliwa kwa maji. Kipimo kikasoma protini ya kutosha. Watoto wachanga 6 walifariki na karibu 300,000 waliugua. Maziwa yalikuwa yamefaulu mtihani.

Jambo la pili ni kwamba protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa asidi amino, na baadhi ya asidi hizo mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Wafaransa walijifunza hili kwa njia ya aibu. Mwanzoni mwa karne ya 19 jijini Paris, mkemia d'Arcet aliwaaminisha wakuu wa hospitali kwamba mifupa ikichemshwa hutoa jelatini iwezayo kuchukua nafasi ya nyama kwenye supu ya wagonjwa na maskini. Tume ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa chini ya François Magendie ilichunguza kwa miaka, ikawalisha mbwa jelatini, na mwaka 1841 ikatoa taarifa kwamba jelatini pekee haiwezi kumweka mnyama hai. Leo tunajua sababu moja kubwa: jelatini haina triptofani. Nami nilipoigeuza karatasi ya baa ile ya shilingi 9,000, baada ya protini ya maziwa na protini ya soya, nilikuta kolajeni, ambayo ndiyo mama yake jelatini. Imo kwenye zile gramu 20, inahesabiwa sawasawa na nyingine. Maskini wa Paris walinyweshwa supu ile kwa shuruti. Vijana wetu wanailipia.

Sasa mahindi. Mwaka 1914 Wamarekani wawili, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya chakula ambacho protini yake yote ilikuwa zeini, yaani protini kuu iliyomo kwenye punje ya mahindi. Panya walikonda. Walipoongezewa triptofani waliacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongezewa na laisini, wakakua. Kwa maneno mengine, kilo ile ya mahindi inayoishinda baa kwa wingi wa gramu ina upungufu wa asidi mbili ambazo mtoto hawezi kujenga mwili bila hizo. Maharage yana laisini tele. Bibi zetu waliopika makande hawakuwahi kusikia jina la Osborne, lakini sufuria lao lilikuwa limekwisha kulimaliza tatizo lake.

Kama tiba ilikuwa ndani ya sufuria, mwanahistoria lazima aulize ni nani alilipindua sufuria.

Nchi hii iliyoitwa Ungoni haikuwa nchi ya chakula kimoja. Wangoni waliofika hapa kutoka kusini katikati ya karne ya 19 walikuwa watu wa ng'ombe na wa vita. Waliowakuta, Wandendeule, Wamatengo na wengineo, walikuwa wakulima. Tusiipambe picha hiyo: ilikuwa jamii ya mabwana na watumwa, na nyama ya nkosi haikuwa nyama ya mateka wake. Hata hivyo shamba lilikuwa na ulezi, mtama, mahindi, kunde na njugu mawe. Msitu ulikuwa na wanyama na nyavu za kuwindia. Mvua za kwanza zilileta kumbikumbi. Na upande wa magharibi ziwa lilitoa usipa. Protini ilikuwa imetawanywa katika mikono mingi na misimu mingi. Likiharibika hili, lile lilisimama.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwaka 1896, utawala wao ulikuwa umetoa amri ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika koloni zima. Wasomaji wangu wa sheria huisoma amri hiyo kama mwanzo wa uhifadhi. Mimi huisoma pia kama amri ya chakula: nyama ya porini, iliyokuwa haki ya kijiji, ilianza safari ya kuwa kosa la jinai, na nguruwe pori waliokosa wa kuwawinda wakaanza kuvuna mashamba ya watu. Katika nchi ya Wamatumbi, ambako Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, nguruwe hao walikuwa miongoni mwa manung'uniko ya wakulima.

Wangoni waliingia vitani Septemba 1905. Kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa hapa mjini tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya 60 kwa siku moja, na jemadari Songea Mbano ambaye mji huu umebeba jina lake. Ni haki kuwakumbuka. Lakini miaka yote niliyosimama katika viwanja vya Makumbusho ya Maji Maji nikisikiliza hotuba, nimesikia habari nyingi za kamba na chache za ghala. Kamba iliua makumi. Ghala lililochomwa liliua makumi kwa maelfu.

Hiyo haikuwa bahati mbaya ya vita. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana von Götzen kwamba silaha peke yake haitamaliza mapambano, na kwamba njaa na ukata ndivyo vitakavyowasalimisha watu. Kamanda wa Songea, Kapteni Richter, alipoambiwa kwamba kuchoma mashamba kutaleta njaa, aliona hilo kuwa jambo jema, akasema kwamba kama angeweza angewazuia hata kupanda. Tazama majira: moto ulipita kati ya Oktoba na mwanzo wa mwaka, wakati mkulima wa Ruvuma anapohifadhi mbegu ghalani akisubiri mvua. Askari hawakuchoma mavuno ya mwaka mmoja tu. Walichoma na mwaka uliofuata. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000 katika eneo zima la vita. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo.

Kiswahili kina neno kwa jambo la namna hii: baa la njaa. Nilipowaeleza wanafunzi, mmoja wao wa lugha alinikumbusha kwamba "baa" hili ni la ngeli nyingine kabisa na ile "baa" ya dukani. Ndivyo. Baa la, baa ya. Nimeziweka zote mbili kwenye kichwa cha makala hii kwa sababu katika mji huu zinakaa nyumba jirani.

Baada ya vita, nchi iliyobaki na watu wachache ililiwa na pori. Mbung'o wakasonga mbele, ng'ombe wakapungua, na utawala wa Waingereza uliofuata ukaiona Songea kama hifadhi ya nguvukazi. Kizazi baada ya kizazi cha wanaume wa Ungoni kilikwenda mkonge wa Tanga kama manamba. Kule walipewa posho. Neno hili naomba watumishi wa umma wanaonisoma walitafakari, maana leo linamaanisha bahasha ya kikao. Wakati ule lilimaanisha kipimo cha unga wa mahindi, na maharage kidogo, kinachomwezesha mtu kukata mkonge hadi wiki ijayo. Kwa mara ya kwanza, kiasi cha chakula cha Mtanganyika kilikuwa kikiamuliwa na karani mwenye kibaba. Mwenye shamba alitafuta nishati ya bei nafuu, na mahindi yalikuwa nishati ya bei nafuu. Nyumbani, wake walibaki na jembe, na kazi ya watu wawili ikafanywa na mmoja. Anayelima peke yake hulima kile kinachojaza tumbo kwa haraka.

Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa Kizungu walianza kuandika juu ya miili yetu. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao wa Kenya uliolinganisha Wamasai wa maziwa, nyama na damu na Wakikuyu wa nafaka na mizizi. Wamasai walikuwa warefu zaidi na wenye nguvu zaidi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akihudumu Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi: miguu kuvimba, ngozi kubabuka, nywele kubadilika rangi. Mwaka 1935 aliupa jina ambalo akina mama wa Kiga walikuwa wakilitumia, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake na mdogo wake. Sisi tunauita unyafuzi. Navutiwa na ukweli kwamba Williams hakuanza na protini peke yake. Alianza kwa kuwasikiliza akina mama, nao walikuwa wakizungumzia uzazi, kunyonyesha na nafasi ya mtoto nyumbani.

Dunia haikumsikiliza hivyo. Orr akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa FAO mwaka 1945, na mwaka 1952 ripoti ya Brock na Autret kuhusu unyafuzi barani Afrika iliifanya protini kuwa jambo kubwa la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1955 ikaundwa kamati maalumu ya ushauri kuhusu protini. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ukaonya juu ya janga la protini linaloikaribia dunia. Suluhisho lililopendwa lilikuwa unga: unga wa maziwa, ambayo Marekani ilikuwa nayo ya ziada, unga wa samaki, unga wa soya. Hao ndio mababu wa ile baa ya protini. Wazo ni lilelile: kitoe chakula shambani, kiondolee kila kitu isipokuwa gramu, kiuze kwenye pakiti. Kisha mwaka 1974 daktari Donald McLaren, aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, akaandika katika jarida la Lancet kwamba mradi mzima ulikuwa fedheha. Kwamba watoto wengi walikuwa na njaa ya chakula kwa jumla, na protini pekee isingewaponya.

Nasi? Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka uliofuata, ukame na vurugu za kuhamia vijijini zikiwa zimeimaliza akiba ya nchi, Serikali ikaanza kuelekea bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Songea, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, akawa analipwa sawa na wa Morogoro. Mbolea ilikuja kwa ruzuku, Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua, na katikati ya miaka ya 1980 barabara ya lami kutoka Makambako ikafika. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikubwa. Siwezi kuidharau sera ile. Ilinisomesha, ada na sare zangu zilitoka kwenye magunia ya baba. Kwa mara ya kwanza tangu 1905 dola ilikuja Ungoni na mzani badala ya kiberiti.

Ila mzani ulijua zao moja. Shirika liliuliza magunia ya mahindi. Bwana shamba aliuliza ekari za mahindi. Mkuu wa mkoa aliripoti tani za mahindi, na bado anaripoti. Kunde, njugu mawe na ulezi havikupigwa marufuku na mtu, havikuulizwa tu. Na kisichoulizwa na Serikali kwa miaka 50 hupungua shambani, kwanza pembeni, halafu hata katikati.

Kuna mahali panaponifariji kidogo. Nenda Mbinga, milimani kwa Wamatengo, uone ngolo: mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki mteremkoni, majani yamelazwa chini na udongo kufunikwa juu yake. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu ujao, na mteremko haumomonyoki. Wataalamu wa udongo kutoka nchi nyingi wamekuja kuyachunguza mashimo hayo. Ndani ya ngolo mna jibu la Osborne na Mendel, laisini na mahindi katika tuta moja. Tatizo linaanzia kwenye lori. Maharage ya Mbinga ni mazuri na yana soko. Yanapanda lori na mahindi yanabaki kuliwa.

Tena hata hayo mahindi hatuyali yote. Kijana wa mjini anataka sembe nyeupe. Mashine inakoboa, inaondoa kiini, na kiini ndicho chenye protini bora ya punje nzima pamoja na mafuta na vitamini. Pumba zinauzwa kwa wafuga nguruwe, ambao katika mkoa huu hawakosekani. Kwa hiyo kitimoto wa Songea anakula sehemu iliyo bora ya mahindi kuliko mtoto wa mwenye mahindi. Nimelisema hili kwenye semina moja, watu wakacheka sana, kisha tukahudumiwa chakula cha mchana: ugali wa sembe.

Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba takriban asilimia 41 ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 32. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kushuka hadi karibu asilimia 36, taifa likiwa asilimia 30. Iringa, Njombe na Rukwa ziko juu zaidi. Yaani ramani ya ghala la taifa na ramani ya udumavu, ukizilaza moja juu ya nyingine, zinakaribia kufanana.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana wanafunzi wangu wa afya hawanisamehe nikirahisisha. Udumavu hauletwi na kukosa protini peke yake. Mpango wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO, ulitufundisha, na kuifundisha dunia, kwamba kuna malezi, kuna maradhi, kuna muda wa mama. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji takriban gramu 13 tu za protini kwa siku, chini ya ile baa moja. Lakini tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi ni maji zaidi ya chakula. Atashiba kabla hajala. Watafiti wetu wa miaka ya 1980 walionyesha kwamba kimea kidogo kikitiwa kwenye uji mzito huulainisha bila kuuongezea maji. Anayeharisha mara kwa mara, au ambaye mama yake anarudi shambani jioni, hata uji huo haumfikii vya kutosha. Hata hivyo kesi ya protini haijafungwa. Mwaka 2016 Richard Semba na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa vijijini Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, wanaokula mahindi kama sisi: waliodumaa walikuwa na asidi amino muhimu kidogo zaidi katika damu kuliko wenzao. McLaren alikuwa sahihi kuwacheka wauza unga. Hakuwa sahihi kwa kila mtoto wa nchi ya mahindi.

Sasa nirudi kwenye ile shilingi 9,000. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, alisimamia mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa, na mwaka 2022, akiwa Rais, mkataba mpya ukasainiwa. Miongoni mwa masharti, kila halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa mwaka. Ni hatua, kabla yake hapakuwa na sharti la namna hiyo lenye saini. Lakini fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Baa moja aliyokuwa akiitafuna mwanafunzi wangu ni bajeti ya mwaka mzima ya watoto tisa. Na kwa ile shilingi 1,000, sokoni kwetu mwezi huu, unapata theluthi moja ya kilo ya maharage, yenye protini zaidi ya gramu 70. Au vipande vichache vya kashata za karanga, ambazo kwa jinsi zilivyo ndizo baa zetu za protini tangu zamani, isipokuwa sukari imezidi.

Kwenye karatasi ya baa ile kulikuwa pia na soya. Soya hulimwa hapa, Songea na Namtumbo. Tangu mwaka 2020 China imefungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na iliyobaki inakwenda kwa wanaosaga chakula cha kuku. Silaumu mkulima anayeuza. Namuuliza mpangaji kwa nini soya ina takwimu za kuuza na haina takwimu za kuliwa.

Mwezi wa saba nilikuwa katika kijiji kimoja cha Songea Vijijini, nyumbani kwa mama mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Nyuma ya nyumba palikuwa na magunia 22 ya mahindi yakisubiri mnunuzi. Mtoto wake wa miaka miwili na nusu nilimdhania wa mwaka na nusu. Kadi ya kliniki ilikuwa safi, imefungwa kwenye nailoni. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Alikuwa amefundishwa makundi ya vyakula na aliyataja yote bila kukosea. Nikamwuliza maharage yako wapi. Alinitazama kama mtu anayemhurumia msomi.

"Mwalimu, maharage ndiyo yaliyolipa mbolea. Tukiyala, mbolea ya msimu ujao italipwa na nini?"

Tafiti zote nilizozitaja hapo juu zinamweleza mama huyu. Hakuna hata moja inayomjibu. Jibu lake liko kwenye mambo ambayo watumishi wanaonisoma wanayagusa kila siku kwa kalamu: vocha ya mbolea inayokuja kabla au baada ya mavuno ya maharage, wakala wa hifadhi ya chakula anayeweka mahindi ghalani na kuyaacha maharage kwa madalali, fomu ya takwimu ya kata yenye safu ya tani za mahindi na isiyo na safu ya kunde, shule ya msingi inayochangisha mahindi ya uji bila debe moja la karanga. Hayo yanabadilishwa kwa waraka. Hayahitaji mfadhili, wala pakiti ya kung'aa.

Darasa lile nimekwisha lisomea haya yote. Mwenye baa aliniambia kwamba siku hizi anakula kashata na maharage, ila baa anaendelea kuiweka begini kwa sababu, alisema kwa uaminifu, inapendeza ukiitoa mbele ya wenzako. Karatasi yake aliniachia. Nyuma yake nimeandika hesabu ya watoto tisa, na nimeiweka kwenye jalada pamoja na nukuu zangu za mwaka 1905. Alhamisi ijayo halmashauri inakaa kujadili makisio ya mwaka. Nimeomba kuingia kama msikilizaji, bila posho.